Namna ya Kupamba Sebule kwa Krismasi kwa Desturi ya Ikulu ya Marekani

Mwaka 1961 Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani, aliupamba mti wa Krismasi wa Chumba cha Bluu katika Ikulu ya nchi hiyo kwa mada moja, akautundikia wanasesere, ndege wadogo, malaika na wahusika wa baleti iitwayo The Nutcracker. Wake wa marais waliomfuata wameendelea kuchagua mada. Mimi hufanya vivyo hivyo nyumbani kwetu Entebbe, mji wa Uganda ambao nao una Ikulu, na nimeona kwamba anayeamua mada kabla ya kwenda sokoni hurudi na vitu vichache vinavyopatana.

Chagua jambo ambalo watoto wa nyumba wanalijua. Mwaka jana sisi tulichagua ziwa, basi kila kilichopanda mtini kilikuwa mtumbwi, samaki au ndege wa majini.

Kabla ya kukata mti au tawi la saiprasi, pima dari. Mti wa Chumba cha Bluu hufikia takriban mita 5.5, na ili upate nafasi, taa kubwa inayoning'inia humo huondolewa na kilele cha mti hufungwa darini. Kwako acha nafasi ya mkono mmoja juu, kisha ufunge shina kwa kamba kwenye msumari imara ukutani, hasa ikiwa kuna mtoto anayetambaa. Ukifika nyumbani, kata tena kipande chembamba cha mwisho wa shina, kwa sababu utomvu huziba jeraha la zamani na maji hayapandi. Simamisha mti katika ndoo yenye mawe na maji, na uyaongeze kila asubuhi.

Taa hutangulia mapambo mengine yote. Soma kibandiko chake kwanza: umeme wa Uganda ni volti 240, ilhali wa Marekani ni volti 120, na mimi niliwahi kuchomeka taa nilizoletewa kutoka huko zikaungua zote kwa sekunde moja, mbele ya watoto waliokuwa wakisubiri kupiga makofi. Zizime kila usiku kabla ya kulala.

Sasa mapambo yenyewe, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1962 Jacqueline Kennedy alirudia mengi ya mapambo ya mwaka uliotangulia, akaongeza yale ya majani makavu yaliyotengenezwa na wazee na watu wenye ulemavu. Sisi tuna maganda makavu ya mgomba: yaloweshe kidogo yalainike, yakunje yawe mtumbwi wa urefu wa kidole, funga ncha zote mbili kwa uzi wa ganda hilo hilo, kisha yaache kivulini yakauke. Kwa shanga, kata kalenda ya zamani vipande vya pembetatu, upana wa sentimita 2 na urefu wa 30, uviringishe kila kimoja kwenye kijiti ukianzia upande mpana, gundisha ncha na upake vanishi. Mtoto wa miaka minane huweza kazi hii vizuri, na shanga zake zilizopinda kidogo ndizo ninazoziweka mbele.

Kitambaa cha gome la mutuba, aina ya mtini wa kwetu, kinavutia, lakini tafadhali kitumie kwa heshima. Kwa Waganda ndicho kinachotumika katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wao, na katika mazishi, kwa hiyo usikitandaze chini ya mti kikanyagwe. Kitundike ukutani, na kwanza umuulize mzee wa nyumba, kwani familia iliyotoka msibani inaweza kuumia ikikiona.

Maua mekundu ya poinsetia yakatwe tarehe 24 jioni, maana hunyauka upesi, na utomvu wake mweupe unawasha ngozi. Mtumbwi na shanga zitolewe baada ya tarehe 6 Januari, zifungwe katika gazeti kavu na kuwekwa juu ya kabati, mbali na mchwa.