Kuchagua Baiskeli ya Mazoezi kwa Mbio Ndefu za Milimani za Wawili Wawili

Mbio ndefu za baiskeli za milimani zinazoshindaniwa kwa timu zina sheria zake, na mtu anayezijia kwa fikra za mbio za mtu mmoja hununua baiskeli isiyomfaa kabla hata hajaanza mazoezi. Mfano unaojulikana zaidi barani Afrika ni Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2004, ambapo washiriki hukimbia wawili wawili kwa siku nane mfululizo na hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Muda wa timu ni muda wa yule anayefika wa pili. Ziko pia mbio za kupokezana, ambazo mtindo wake wa saa 24 ulianza Marekani mwaka 1992 katika jimbo la West Virginia. Humo mmoja huzunguka njia, hurudi, humkabidhi mwenzake zamu, kisha hukaa akisubiri huku misuli ikipoa. Maelezo haya yanahusu zaidi mbio za wawili, kwa sababu ndizo zinazomdai mtu uangalifu mkubwa anapochagua chombo.

Ninaishi Nakuru nchini Kenya, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,850, na nje ya mji huu kuna kila kitu ambacho mazoezi ya namna hii yanahitaji. Ukingo wa kreta ya volkano ya Menengai unafika mita 2,278, na barabara ya kuupanda inaanzia karibu kabisa na makazi ya watu. Upande wa magharibi ziko Njoro, Elburgon na Molo, kwenye baridi na utelezi wa udongo wa Mau. Ukishuka Naivasha, Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli miongoni mwa pundamilia na swala, ingawa nyati wapo na inambidi awe macho. Mwenye kutaka mazoezi hakosi mlima hapa. Anachoweza kukosa ni kipuri, na hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba baiskeli ya mazoezi ichaguliwe kwa kuangalia mambo matatu kwa mpangilio huu: ikutoshe mwili, itengenezeke hapa hapa, na ifanane na ya mwenzako kiasi cha kuazimana vipuri.

Jambo la tatu nililijua kwa gharama. Miaka michache iliyopita, mwenzangu nami tulikuwa tukishuka kutoka Molo tukirudi Nakuru, mimi nikiwa na magurudumu ya inchi 29 na yeye akiwa na ya inchi 26. Kabla ya Elburgon nilipata pancha, nikatumia tyubu yangu ya akiba. Baada ya muda mfupi jiwe likapasua ubavu wa tairi lile lile na kuiharibu tyubu ya pili. Tyubu ya inchi 26 ya mwenzangu ingeweza kunyooshwa ikanifikisha mjini, lakini valvu yake ilikuwa nene, ile inayofanana na ya gari, na tundu la rimu yangu lilikuwa limetobolewa kwa valvu nyembamba. Rimu ya valvu nyembamba huwa na tundu la milimita 6.5, nayo valvu nene huhitaji milimita 8.5. Tofauti ya milimita mbili ilitusimamisha kando ya barabara. Tulisukuma baiskeli hadi kwenye kituo cha biashara, tukamkuta mzee mwenye duka la vipuri akitundika tyubu ukutani, zote za valvu nene. Nilipomuuliza kama hana aina nyingine alijibu kwa upole, "Vijana wangu, hizi ndizo zinazotembea hapa." Fundi aliyekuwa kibarazani kwake alichukua tupa ya mviringo, akaanza kulipanua tundu polepole, akipuliza vumbi la alumini kila baada ya muda, na alipomaliza alilainisha kingo kwa msasa ili zisiikate tyubu. Kisha akabandika kipande cha tyubu kuukuu ndani ya tairi, pale lilipopasuka. Tulifika nyumbani wakati wa magharibi.

Tangu siku hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa kila timu mpya ni kwamba rimu zote nne zipokee valvu nene. Ikiwa rimu ni ya alumini na ni pana kama zilivyo nyingi za baiskeli za milimani, fundi mzuri anaweza kulipanua tundu mezani kwake bila haraka. Rimu ya kaboni isiguswe kabisa kwa njia hiyo. Tundu pana linapokea pia valvu nyembamba likiwekewa pete ndogo ya kuziba nafasi, kwa hiyo hupotezi kitu, na utapata tyubu karibu katika kila kituo cha biashara kutoka Bahati hadi Kisumu.

Turudi sasa kwenye kipimo cha mwili, ambacho wanunuzi wengi hukipuuza kwa kuvutiwa na rangi. Simama juu ya baiskeli ukiwa na viatu, miguu yote miwili ikiwa chini. Kati yako na bomba la juu la fremu pawe na nafasi ya vidole vitatu au vinne. Kisha kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukiweka sehemu pana ya wayo, kama unavyoendesha, goti litabaki limekunjwa kidogo, na huo ndio urefu sahihi wa kuanzia. Maumivu ya mbele ya goti baada ya safari ndefu mara nyingi huashiria kiti kilicho chini mno, na maumivu ya nyuma ya goti huashiria kiti kilicho juu mno. Katika mbio za saa moja kasoro hiyo inavumilika; katika siku ya tatu ya mbio za siku nane inamsimamisha mtu na kumharibia mwenzake aliye mzima.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na sioni ubaya wowote, kwani fremu nzuri iliyotumika ni bora kuliko baiskeli mpya ya bei nafuu ambayo shoki zake ni za pambo. Lakini mtumba ukaguliwe kwa mikono. Anza na bomba la kiti: legeza kishikizo, kisha uligeuze na kulivuta. Baiskeli nyingi zinazotoka Uingereza zimepita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo huligandisha bomba la alumini ndani ya fremu kana kwamba limechomelewa. Niliwahi kununua baiskeli ya namna hiyo kwa sababu gia zake zilikuwa nzuri ajabu. Kiti kilibaki chini kwa upana wa vidole viwili, nami niliendesha na maumivu ya magoti miezi miwili kabla ya kukubali kwamba nilikosea. Bomba lisipotoka mbele ya macho yako, usinunue.

Baada ya hapo kagua viungo vya fremu, hasa nyuma ya usukani na karibu na ekseli ya pedali, ukipitisha ukucha juu ya rangi kutafuta ufa. Shika breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma; ukihisi mgongano mdogo kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea au zimekwisha. Kandamiza shoki za mbele kwa uzito wako uone kama zinarudi bila kukwama, na kama miguu yake inaacha mafuta au ina mikwaruzo. Kwa cheni, chukua rula ya inchi 12 na uweke alama ya sifuri katikati ya pini moja: kwenye cheni isiyochakaa, pini nyingine itaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, cheni ibadilishwe. Ikizidi kwa milimita tatu, hesabu bei ya cheni pamoja na sproketi za nyuma, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, kwa sababu cheni iliyorefuka imekwisha kuyala meno.

Kuhusu gia, watu hulipa fedha nyingi kwa ajili ya mfumo mpya wenye sproketi moja mbele na kumi na mbili nyuma. Ni mfumo mzuri katika mbio, lakini tazama hesabu. Sproketi ya mbele yenye meno 32 ikiendesha ya nyuma yenye meno 50 inatoa uwiano wa 0.64, na kadiri uwiano unavyokuwa mdogo ndivyo kupanda kunavyokuwa rahisi. Mfumo wa zamani wenye sproketi tatu mbele, ndogo ikiwa na meno 22, ukiendesha ya nyuma yenye meno 34, unatoa uwiano wa 0.65. Mlima wa Menengai hautaiona tofauti hiyo. Kwa mazoezi ninapendelea gia nane au tisa za nyuma, kwa sababu cheni zake ni nafuu, fundi wa mtaani anazifahamu, na vumbi la majivu ya volkano la Njoro na Rongai litakulazimu kubadilisha cheni mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Shoki ya nyuma sikushauri kwa baiskeli ya mazoezi. Ina raha yake kwenye mawe, lakini ina beringi nyingi zinazomeza vumbi, na huduma yake inahitaji vifaa ambavyo fundi wa kawaida hana. Breki ziwe za diski. Za mafuta zina nguvu na hazichoshi vidole kwenye mteremko mrefu, ila kuzitoa hewa kunahitaji vifaa na mafuta ya aina yake. Za waya zinatengenezeka popote. Nikilazimika kuchagua, nachukua za mafuta, kisha najifunza kuzihudumia mwenyewe.

Matairi yawe na upana wa kati ya inchi 2.1 na 2.3. Hapa kuna mazoea yanayopaswa kuachwa: tumezoea kulijaza tairi hadi liwe gumu kama jiwe, jambo linalofaa baiskeli inayobeba abiria au gunia la mahindi kwenye lami. Juu ya mawe na mizizi, tairi gumu hurukaruka, hupoteza mshiko na huchosha mikono. Mtu wa kilo 70 mwenye tyubu anaweza kuanza na psi 30, kipimo cha msukumo wa hewa kinachosomwa kwenye pampu, na kupunguza au kuongeza kidogo kidogo. Asishuke sana, kwa maana rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba. Penye miba ya migunga, kama Naivasha, mfumo usio na tyubu wenye maji ya kuziba matundu unastahili gharama yake.

Baiskeli ikishapatikana, mazoezi ya timu yaanze mapema, kwa kuwa mwendo wa wawili hujifunzwa. Kwenye tambarare aliye na nguvu zaidi siku hiyo akae mbele akate upepo. Kwenye mlima aliyechoka ndiye akae mbele na kupanga mwendo, na mwenzake amfuate bila kumsogelea gurudumu kwa namna ya kumsukuma. Ninasema "siku hiyo" kwa makusudi, kwani nafasi hizo hubadilika hata ndani ya saa moja. Aliye na nguvu abebe vipuri na maji ya ziada. Safari moja ndefu kila wiki ifanywe pamoja, kwa mwendo ambao mnaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Milima ya nguvu mara moja kwa wiki inatosha, hata kila mmoja akiwa peke yake.

Kuleni kabla ya kuhisi njaa. Kiasi cha gramu 60 za wanga kwa saa ni lengo zuri kwa kuanzia, na ndizi mbivu moja ya kawaida ina takribani gramu 25, kwa hiyo ndizi mbili na chupa ya maji yenye sukari na chembe ya chumvi zinakaribia au kutimiza hesabu ya saa. Viazi vitamu vilivyochemshwa vinabebeka vizuri. Mkubaliane kukumbushana kila baada ya dakika 20, kwa sababu mtu anayeishiwa nguvu huwa wa mwisho kulitambua hilo.

Wiki tatu au nne kabla ya mbio, fanyeni safari za siku mbili mfululizo: Jumamosi kutoka Nakuru kupitia Njoro na Elburgon hadi Molo, mlale huko, na Jumapili mrudi kwa njia za vumbi. Jioni ya kuamkia safari hiyo, zipindueni baiskeli zote mbili sakafuni, viti vikiwa chini, na mbadilishane magurudumu ya mbele. Gurudumu lake likiingia kwenye uma wako, ekseli ikafunga, na diski ikazunguka bila kukwaruza pedi za breki, basi akiba ya mmoja ni akiba ya wote. Lisipoingia, pimeni ekseli na kipenyo cha diski, kwa kuwa huenda moja ni ya milimita 160 na nyingine ni ya 180, mwandike vipimo hivyo kwenye karatasi, na mfanye jaribio hilo hilo kwa magurudumu ya nyuma. Kibao kidogo cha alumini kinachoshikilia kifaa cha kuhamisha cheni kwa kawaida hakiazimiki, kwa sababu umbo lake hutofautiana kati ya fremu nyingi. Hicho kila mmoja anunue cha akiba na akifunge kwa utepe chini ya kiti chake mwenyewe.