Somo la leo: "laugh", kuanzia matamshi hadi mtaani

Habari zenu ndugu zangu. Leo tunashika neno moja tu la Kiingereza, "laugh", yaani kucheka. Wengi hulipita haraka kwa sababu maana yake inajulikana. Ugumu wake uko kwenye vineno vidogo vinavyolifuata. Kwetu kitenzi chenyewe hubeba kila kitu: cheka, chekea, chekesha, chekelea, chekana. Mwingereza hana viambishi hivyo, kwa hiyo ukikosea kineno kimoja unaweza kutangaza kwamba ulimdhihaki mtu, kumbe ulifurahi naye.

Hatua ya 1: Litamke

Hiyo "gh" isome kama f. Uingereza ya kusini utasikia "laaf", yenye a ndefu kama ya "kaa". Marekani a hiyo husogea kuelekea e. Kosa letu ni kumalizia kwa irabu, tukapata "lafu". Meno ya juu yaguse mdomo wa chini, pumzi itoke, basi, usiongeze kitu. Wakati uliopita, "laughed", ni silabi moja tu: "laaft". Usiseme "lafedi".

Zamani Waingereza walitamka gh hiyo kooni, karibu na kh yetu ya "kheri". Baadaye sauti hiyo ikawapotea. Kwenye maneno mengine iligeuka f (laugh, enough, cough), kwenye mengine ikafa kabisa (night, high, daughter). Ndiyo maana "laughter" na "daughter" yanafanana kwa macho, lakini moja ni "laafta" na jingine ni "dota". Hapo hakuna kanuni, kariri tu.

Hatua ya 2: Chagua kineno sahihi

Hapa ndipo naomba mtulie. Methali yetu inasema "Mcheka kilema hafi bila kumfika". Tazama: mcheka, kisha kilema, katikati hakuna kitu. Vivyo hivyo tunasema "walinicheka". Mwanafunzi akiihamisha ilivyo, anaandika "They laughed me", na hicho si Kiingereza. Ni lazima "They laughed at me".

"At" nayo ina sura mbili. Ikifuatwa na mtu, mara nyingi ni dhihaka. Ikifuatwa na jambo la kuchekesha, haina ubaya wowote: "Everybody laughed at his joke", na aliyetoa kichekesho hicho atafurahi sana kusikia hivyo.

Tuseme mwenzako ofisini kamwaga chai mezani, mkacheka wote, naye akacheka. Kesho ukisimulia kwa "We laughed at her", msikilizaji atawaona watu wabaya. Sema "We all laughed about it", mlicheka kwa sababu ya tukio. Au "She laughed and we laughed with her", mlicheka pamoja naye. Binafsi naona tofauti hii ya "at" na "with" ni muhimu kuliko msamiati wote ulio hapa chini, kwa sababu inagusa heshima ya mtu.

Kuchekesha ni "make": "She made me laugh". Usichomeke "to" kabla ya "laugh".

Hatua ya 3: Semi za kila siku

"Burst out laughing" ni kuangua kicheko. "Laugh it off" ni kulichukulia jambo kwa kicheko ili lisikuumize, kama mtu aliyetaniwa kuhusu kiatu chake akacheka na kuendelea na safari. "It's no laughing matter": si jambo la mzaha. "Laughing stock" ni mtu aliyegeuka kichekesho cha mtaa mzima; ni neno kali, litumie kwa uangalifu.

Ninayoipenda zaidi ni "I was in stitches". "Stitch" hapo ni kile kichomi cha ubavuni kinachokupata ukikimbia. Sisi tunasema "sina mbavu", nao wamekwenda palepale ubavuni.

Hatua ya 4: "Laughter"

Hili ni jina, na halina wingi. Sisi tuna kicheko na vicheko, wao wana "laughter" tu. Ukitaka kuhesabu, tumia "a laugh": "She gave a short laugh".

Mtakutana na neno hili kwenye historia yetu wenyewe. Mwaka 1962 wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko kisichozuilika kilichoambatana na kilio, kikaenea hadi vijijini. Kwa Kiingereza tukio hilo huitwa "the Tanganyika laughter epidemic". Kumbe "laughter" si lazima iwe furaha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi ya utalii Zanzibar. Nilimtajia mgeni Mwingereza bei ya boti, akasema "You're having a laugh!" Alikuwa anafurahi?
Jibu: Marahaba. Hapana, hakufurahi. Alimaanisha "unanitania", bei ameiona kubwa mno. Usikasirike, ni lugha ya mtaani. Mjibu kwa upole, "No sir, that's the price", kisha mweleze kilichomo ndani yake: mafuta, nahodha, chakula.

Swali: "Alinichekea" niandike "She laughed to me"?
Jibu: Usiandike hivyo. Kuchekea kwetu mara nyingi ni tabasamu la ukarimu, na tabasamu ni "smile": "She smiled at me". Ukiandika "laughed at me", umemgeuza dada wa watu kuwa mwenye dharau.

Swali: Dada yangu yuko Leicester, daktari wa meno kamwambia atampa "laughing gas". Ni dawa ya kuchekesha?
Jibu: Ni gesi ya nitrasi oksaidi, huvutwa ili kupunguza hofu na maumivu. Mwanakemia Humphry Davy aliichunguza huko Bristol, Uingereza, akachapisha matokeo yake mwaka 1800. Jina limetokana na jinsi wavutaji walivyokuwa wakicheka. Mpe pole dada.

Swali: Naweza kumwandikia bosi LOL?
Jibu: Ni kifupi cha "laughing out loud", kucheka kwa sauti, na kamusi ya Oxford ilikiingiza mwaka 2011. Kwenye gumzo na rafiki, sawa. Kwa bosi andika "That made me laugh", nayo itumie pale tu yeye mwenyewe alipotania. Na kwenye ujumbe wa msiba usikiweke kabisa. Wapo wanaodhani ni "lots of love", wakamtumia mfiwa kicheko badala ya pole.