Vitumbua vya asubuhi ya Krismasi

Hapa kwetu Ndanda, watoto wakiamka Krismasi wanaulizia vitumbua kabla ya nguo mpya. Loweka nusu kilo ya mchele tarehe 24 jioni, kabla ya kwenda misa ya mkesha. Alfajiri usage na tui zito la nazi moja, iliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Tui liwe vuguvugu tu, la moto linaua hamira. Mwaka mmoja niliharakisha, unga ukalala kama uji, wanangu wakanywa chai kavu. Iliniuma sana.

Funika. Kwa joto letu la Desemba saa moja inatosha, ukizidisha unachacha. Sukari tia mwishoni, kisha onja.

Moto wa mkaa uwe wa wastani. Kila shimo la chuma cha vitumbua litie mafuta kidogo, yakichemka mimina unga. Lazima yalie chiii. Pembeni pakianza kukauka na katikati pakitoboka vishimo, geuza kwa kijiti. Usigeuze mapema jamani, kinapasuka.

Sahani ya kwanza, na korosho za kukaanga juu yake, naipeleka kwa jirani yangu Mwislamu. Sikukuu ya Idi yeye hutuletea pilau.