SOMO: Jinsi ya kumtania mfanyakazi mwenzako na yeye akacheka

Wengi hapa Tabora mmeniomba utaratibu wa kuwazuga wenzenu kazini bila kuacha kinyongo. Karibuni.

Hatua ya 1: Chagua mtu. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hata msibani na hakuna anayenuna, kwa sababu undugu ulitangulia mzaha. Fanya hivyohivyo ofisini: anza na yule aliyezoea kukutania wewe. Mgeni mwache kwanza. Aliyefiwa au mwenye mgonjwa usimguse kabisa.

Hatua ya 2: Jua mipaka. Kifo, pesa, ajira na maumbile ya mtu havichezewi. Meseji ya uongo kwamba fulani katumiwa laki mbili ni ukatili, mtu anaweza kuwa na ada ya mtoto kichwani. Wala usitie kitu kwenye chai ya mtu. Hujui nani ana presha.

Hatua ya 3: Dagaa wa Kigoma. Huu naupenda kuliko yote. Ukitoka Kigoma na treni, kila mtu ofisini anasubiri dagaa. Tafuta boksi kubwa, ndani yake weka dogo, ndani ya hilo dogo zaidi, kila moja ulizungushie magazeti na selotepu. La mwisho kabisa litie dagaa mmoja. Chini ya boksi kubwa weka kipande cha tofali lipate uzito, halafu pakaza vumbi la dagaa nje ili linukie. Mkabidhi saa nne, wakati wa chai, watu wote wakiwepo. Usicheke mapema! Mwache afungue, atokwe jasho, apewe mkasi. Akimfikia yule dagaa mmoja, hapohapo mtolee kilo yake halisi. Kama huna kilo ya kumpa, usianze.

Hatua ya 4: Kompyuta. Bandika karatasi chini ya kipanya, pale penye taa. Kitagoma. Dakika mbili zinatosha, na isiwe siku ya kufunga mahesabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Urambo: Bosi wetu ni mtu mzima, naweza kumfanyia?
*Jibu:* Subiri akutanie yeye kwanza. Akishaanza, mjibu kwa maneno, tena baada ya shikamoo. Maboksi waachie wa rika lako.

Nzega: Kaka, tarehe 1 Aprili nataka kuandika kwenye grupu kwamba treni imefutwa.
*Jibu:* Usithubutu. Kuna watu watageuza na mizigo na watoto mgongoni. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo. Mtanie mtu unayeweza kumwomba radhi ana kwa ana.

Kaliua: Mwenzangu amenuna, hanisemeshi tangu juzi.
*Jibu:* Usimwambie "ulikuwa utani tu", utamchoma zaidi. Mwombe radhi mbele ya walewale waliocheka, na video ifutwe kwenye simu zote.

Kigoma: Huku dagaa si kitu cha ajabu, nitumie nini?
*Jibu:* Asali ya Tabora. Jaza dumu la lita tano chai ya rangi iliyopoa, na lita moja ya asali halisi uwe nayo kwenye mkoba. Ila mshikie dumu mwenyewe hadi mezani. Akilitikisa tu umekwisha, chai inachezacheza, asali inakwenda taratibu.