Kupima presha nyumbani: baba na mama hawakosei mahali pamoja

Kliniki yetu ya presha huja mume na mke wenye mashine moja na daftari moja, kila mmoja akilalamika kuwa namba zake hazieleweki. Mara nyingi mashine haina kosa.

Hatua ya 1. Nusu saa kabla ya kupima, acha kahawa, chai, sigara na kazi nzito. Nenda haja ndogo. Kibofu kikijaa namba hupanda.

Hatua ya 2. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, miguu isipishane. Tulia dakika 5 bila kuongea. Hapo ndipo kina baba wanaponishinda: simu ikiita tu, wanapokea.

Hatua ya 3, mkanda wa mkononi. Kina mama, hapa ni penu. Mikanda mingi inayokuja na mashine inatosha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya bega na kiwiko. Mkono ukiwa mnene na mkanda mdogo, namba hutoka kubwa kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuongezewa dawa asizozihitaji. Nunua mkanda mkubwa. Ufunge juu ya ngozi, si juu ya buibui wala sweta, vidole viwili juu ya kiwiko, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo.

Hatua ya 4. Pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati. Asubuhi kabla ya dawa na chai, kisha jioni. Fanya hivyo siku 7. Andika zote, hata zinazokukera. Za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani.

Hatua ya 5, kusoma. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu, awe mwanamume au mwanamke. Kinachotofautiana ni umri ambao presha hupanda. Ujanani wanaume ndio huwa juu. Mwanamke akishakoma hedhi, presha yake hupanda kwa kasi, na uzeeni wanawake wengi huwapita wanaume. Kwa hiyo mama, kumbukumbu ya 110/70 ya enzi za ujana isikudanganye.

Mjamzito akipata 140/90, aende hospitali siku hiyohiyo. 160/110 ni dharura. Anayetumia dawa za presha za enalapril au losartan amwone daktari kabla ya kutafuta mimba, maana dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Ukiona 180/120, tulia, rudia. Ikibaki hapo na kuna maumivu ya kifua, pumzi kubana, mdomo kupinda au mkono kulegea, kimbia hospitali. Bila dalili hizo, wasiliana na kliniki siku hiyo, wala usimeze dozi mbili.

Na wewe mzee unayeacha vidonge kimyakimya kwa ajili ya mambo ya chumbani: dawa hubadilishwa. Ukiona haya kusema mbele ya mama, andika pembeni mwa daftari. Nitasoma.