Ufa ukutani, mkaratusi uani: chunguza udongo kabla ya kushika shoka

Mizizi ni nadra kuusukuma msingi imara hadi upasuke. Mara nyingi mti hunywa maji yaliyo chini ya msingi, udongo wa mfinyanzi ukasinyaa, na kona ya nyumba ikashuka. Kwa hiyo tunaanzia chini.

Hatua ya 1: Jua udongo wako. Mita mbili kutoka ukutani, chimba shimo la kina cha mita moja. Lowanisha udongo wa chini, uuviringishe viganjani. Ukitoa uzi mwembamba usiokatika, huo ni mfinyanzi. Ule mweusi wa tambarare za Athi River, unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania gambuti wakati wa masika, ndio mkorofi kuliko wote. Aliyejenga juu ya mchanga wa Pwani akague zaidi mabomba ya maji taka: mizizi huingilia kwenye viungio vinavyovuja.

Hatua ya 2: Soma ufa. Vijiufa vyembamba kama unywele mara nyingi ni vya plasta tu. Wa kutazamwa ni ule unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, mpana ncha moja. Tia alama ya penseli kila upande, pima kwa rula, andika tarehe papo hapo ukutani. Rudia kila mwezi. Ukitanuka kiangazi na kujifunga mvua zikinyesha, udongo ndio unaocheza. Ukipita milimita 5, au milango ikianza kukwama, ita mhandisi.

Hatua ya 3: Pima umbali. Kwa mkaratusi, acha umbali usiopungua urefu utakaofikia ukikomaa. Wa mita 20 uwe mita 20 kutoka ukutani. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 hakina nafasi hiyo, basi usiupande. Panda mlimau.

Hatua ya 4: Usikate kwa hasira. Mti mkubwa ukiondoka kwenye mfinyanzi, udongo hurudiwa na maji, huvimba na kuinua sakafu, hasa kama mti uliitangulia nyumba. Anza kwa kupunguza matawi. Mizizi minene iliyo karibu na shina usiiguse, mti usije ukakuangukia. Na kama umeng'oa miti ili ujenge, mwambie mhandisi ilipokuwa kabla hajachora msingi.

Hatua ya 5: Ziba ufa mwisho kabisa. Fundi akitaka kupiga plasta leo, mwambie asubiri vipimo vitulie.