Kabla hujakubali vipimo vya mtoto tumboni

Wadada mlio na mimba changa, ukiambiwa kuna kipimo cha kuangalia kama mtoto ana Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili) usijibu hapohapo, kaa na baba mtoto mjiulize, majibu yakija tofauti na tulivyotarajia tutafanya nini? Kama hamtabadilisha chochote na mnajua yatawanyima usingizi mpaka kujifungua, mna haki kabisa ya kuacha, na kama mnataka kujua ili mjiandae na mchague hospitali yenye madaktari wa watoto, basi pimeni.

Kitu wengi hawaelezwi, ile ultrasaundi ya wiki 11 mpaka 14 inayoangalia maji nyuma ya shingo ya mtoto pamoja na damu ya mama haisemi mtoto anayo au hana, inasema uwezekano tu, yaani ukiambiwa 1 kwa 100 maana yake kwenye mimba 100 kama yako, 99 watoto hawana. Cha kuthibitisha ni kuvuta kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto tumboni kuanzia wiki ya 15, na kina hatari ndogo ya mimba kutoka, so uliza hatua inayofuata na bei yake kabla hujatoa mkono wa damu.

Ila sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, msiache jamani, pimeni wote wawili, mkiwa wabebaji wote (yaani mna vinasaba vyake ila hamuumwi) basi kila mimba ina 25% ya mtoto kuugua, na akijulikana mapema anaanzishiwa dawa mapema. HIV, kaswende na wingi wa damu sivizungumzii hapa, hivyo vyote we pima tu.